Hadithi Hutangulia Mashine: Bunilizi za Kisayansi na Tiba katika Milima ya Usambara

Mwaka 1898 Robert Koch, tabibu wa Kijerumani aliyekwisha kupata sifa duniani kwa kugundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alifika katika milima ya Usambara kuchunguza iwapo nyanda hizo za juu zilikuwa na malaria. Miongoni mwa mambo aliyoyaandika ni maneno ya wenyeji. Walimweleza kwamba wakikaa kwao milimani huwa wazima, lakini wakishuka tambarare hurudi na homa. Homa hiyo waliiita mbu. Na sababu waliyoitoa ni kwamba huko chini wako wadudu wa jina hilohilo ambao huwauma. Wakati huo Ronald Ross, kule India, ndiyo kwanza alikuwa akipasua mbu mmoja mmoja chini ya darubini ili kuthibitisha jambo lililokuja kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1902.

Sikitaji kisa hiki ili kudai kwamba Wasambaa walikuwa na maabara. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha utaratibu ambao sisi wa fani ya tiba huusahau: fikra hutangulia ithibati. Mtu aliyeshuka kutoka milimani kwenda nyikani alibeba kichwani hadithi fupi ya wakati ujao: nikilala kule, mdudu ataniuma, na baada ya siku kadhaa nitatetemeka. Hadithi hiyo ilikuwa na sababu na matokeo, na ilimwongoza mahali pa kujenga na mahali pa kulala. Darubini ilikuja baadaye kuithibitisha.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mpaka leo mambo huenda hivyo. Hadithi tunazosimuliana kuhusu vyombo vipya na kuhusu kesho yetu hufika vijijini kabla ya vyombo vyenyewe. Ndizo zinazoamua nani atakubali kupimwa, nani atakimbia, na nani atauza mbuzi wake kwa ajili ya tiba isiyokuwapo. Baadhi yake hutoka katika vitabu na filamu, nazo huitwa bunilizi za kisayansi. Nyingine hutoka barazani, sokoni na katika simu za mkononi, wala hazina jina la mtunzi. Zote ni jambo la afya ya jamii, na mhudumu wa afya anapaswa kuzijua kama anavyozijua dalili za ugonjwa.

Si utanzu wa kigeni

Bunilizi ya kisayansi ni hadithi inayouliza swali moja: kama kingekuwapo chombo fulani, au maarifa fulani, binadamu angeishi vipi? Wengi hudhani swali hili ni la Wazungu na vyombo vyao vya angani. Si kweli. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, alichapisha Kusadikika mwaka 1951, akatubunia nchi inayoelea hewani ambayo hutuma wajumbe katika pande zote, hata mbinguni na ardhini, kutafuta maarifa ya kuiendeleza. Wajumbe hao hurudi na habari njema, na malipo yao huwa ni kifungo. Katika Kufikirika, kilichotoka mwaka 1967, mfalme asiye na mtoto huwaita waganga wa kila aina, kundi baada ya kundi, ili watibu utasa. Daktari yeyote aliyewahi kukaa na wanandoa waliozunguka kwa waganga na hospitali kwa miaka kumi atakitambua kisa hicho mara moja.

Mkenya Katama Mkangi, katika riwaya ya Walenisi ya mwaka 1995, alimrusha mhusika wake Dzombo kwa chombo mpaka sayari nyingine, kumbe jina la sayari hiyo ni fumbo la maneno «wale ni sisi». Na mwaka 2009 Wanuri Kahiu, naye wa Kenya, alitoa filamu fupi iitwayo Pumzi, inayoonyesha watu wanaoishi chini ya ardhi baada ya maji kwisha duniani, wakichuja jasho na mkojo wao ili wapate kunywa. Mkazi wa Lushoto anayeutazama msitu wa Magamba, au mkazi wa jiji la Tanga anayekunywa maji ya mto Zigi unaotoka Usambara Mashariki, hahitaji kueleweshwa filamu hiyo inamhusu nini.

Fikra zilizogeuka vyombo

Tiba ya kisasa ina deni kwa watunzi. Earl Bakken, mhandisi wa Marekani, alitengeneza mwaka 1957 kifaa cha kwanza kinachoweza kuvaliwa mwilini, kinachotumia betri, cha kuratibu mapigo ya moyo. Wagonjwa wetu huita vifaa vya jamii hiyo betri ya moyo. Bakken alisimulia kwamba shauku yake ya umeme na uhai ilianza utotoni, alipotazama filamu ya Frankenstein ya mwaka 1931, iliyotokana na riwaya aliyoichapisha Mary Shelley mwaka 1818. Wengine walitoka katika ukumbi ule na hofu. Mtoto yule alitoka na swali.

Mwaka 1966 filamu moja ya Marekani, Fantastic Voyage, ilionyesha madaktari waliopunguzwa kimo wakasafiri kwa chombo ndani ya mishipa ya mgonjwa. Mwaka 2001 kidonge chenye kamera, ambacho mgonjwa hukimeza kikapiga picha za utumbo wake, kiliidhinishwa kutumika nchini humo. Hakuna daktari aliyepungua kimo, lakini hamu ya kuona ndani bila kupasua ni ileile.

Leo tunayo akili mnemba. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za kompyuta zinaweza kutumika kusoma picha za eksirei za kifua katika kuwatafuta wagonjwa wa kifua kikuu, kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Mimi ni daktari bingwa wa radiolojia. Kazi yangu ya kila siku ndiyo hiyo ambayo programu sasa inajifunza. Silioni jambo hili kuwa tishio. Katika nchi ambayo wataalamu wa picha ni wachache na wengi wao wako mijini, mashine inayoweza kumwambia tabibu wa kituo cha mbali «kifua hiki kitazamwe tena» ni msaada mkubwa. Lakini programu hujifunza kutokana na picha ilizolishwa. Ikiwa picha hizo zilitoka mbali, haitazamiwi kuyajua vema mapafu ya mama wa Mlalo au Mtae aliyepika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha kwa miaka 40. Filamu hazituonyeshi jambo hilo, kwa kuwa kompyuta ya filamu hujua kila kitu.

Hofu iliyo na historia

Upande wa pili wa hadithi ni hofu. Katika pwani na bara ya Afrika Mashariki, tangu enzi za ukoloni, watu walisimuliana habari za mumiani, yaani watu wanaokamata wenzao na kuwafyonza damu ili itengenezwe dawa. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi, na awali lilitaja dawa nyeusi kama utomvu. Nairobi na Kampala walitajwa wazimamoto na magari yao mekundu. Ukizichunguza, hadithi hizo zina viungo vyote vya bunilizi ya kisayansi: gari la ajabu, sindano, chupa, wataalamu wasiojulikana, na mwili wa maskini unaogeuzwa malighafi ya kumponya tajiri.

Msomi anaweza kuzicheka. Mimi sizicheki, kwa sababu hazikuzuka hewani. Mwaka 1920 mtunzi wa Kicheki Karel Čapek aliandika tamthilia iliyoipa dunia neno roboti, akilitoa katika neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shuruti, ile ambayo wakulima walimfanyia bwana shamba. Watu wa Ulaya walikwenda kwenye jumba la maonyesho ili waone binadamu anavyogeuzwa mashine ya kazi. Watu wa Lushoto, mji uliokuwa ukiitwa Wilhelmsthal na Wajerumani, hawakuhitaji tiketi. Kuanzia mwaka 1907 utawala uliwagawia kadi, na mwenye kadi alitakiwa kumfanyia kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi minne. Mjukuu wa watu hao akiletewa leo fomu asiyoielewa, akaombwa damu asiyoambiwa inakwenda wapi, ana haki ya kuuliza maswali.

Mwaka 2021, chanjo za UVIKO-19 zilipoanza kutolewa nchini mwezi Julai, tulisikia kwamba ndani ya sindano mna kidude cha kielektroniki cha kumfuatilia mtu. Kisa hicho ni cha filamu kabisa. Kimebadilishwa mavazi tu kikaitwa habari. Aliyekiamini hakuwa mjinga. Alikuwa mtu aliyekwisha kuisikia hadithi hiyo mara nyingi kabla, akaja kuambiwa ukweli kwa haraka na kwa lugha ya mkato. Hadithi haifukuzwi kwa takwimu peke yake. Hufukuzwa na hadithi iliyo bora, yenye ukweli ndani yake, inayosimuliwa na mtu anayeaminika.

Nitatoa mfano mdogo wa chumba cha altrasaundi. Bibi mmoja wa milimani alikitazama kile kipimo ninachokishika mkononi, akaniuliza, «Mwanangu, hicho kinavuta damu au kinatazama tu?» Nilimjibu, «Hakivuti kitu, bibi. Kinapiga ukelele mdogo usiosikika, kisha kinasikiliza mwangwi. Ni kama unavyoita ng'ambo ya bonde, sauti ikagonga mlima ikakurudia. Ukiisikia, unajua mlima uko wapi.» Alicheka, akalala, akapimwa. Maelezo hayo ni sahihi kifizikia, na yalichukua nusu dakika. Hayakumdharau, wala hayakumficha kitu.

Tumaini la uongo

Kuna hatari ya tatu, nayo huwapata zaidi viongozi, wafadhili na sisi wataalamu kuliko wagonjwa. Filamu hutufundisha kwamba chombo kimoja huja siku moja kikamaliza tatizo. Hakuna filamu inayoonyesha mhusika akisubiri vipuri kwa miezi minane, au umeme ukikatika.

Jirani zetu wa Upare walijionea jambo hilo. Kati ya mwaka 1954 na 1959, katika mpango uliojulikana kama Pare-Taveta, nyumba zilinyunyiziwa dawa ya kuua wadudu iitwayo dieldrin, chini ya uangalizi wa watafiti wa malaria waliokuwa na makao yao Amani, Usambara Mashariki. Malaria ilishuka sana, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Kisha unyunyiziaji ukakoma. Mbu hawakurudi siku ileile, lakini walirudi, na malaria ikafuata nyuma yao. Ule ulikuwa wakati ujao uliofika, ukakaa miaka michache, ukaondoka. Dawa ilifanya kazi yake. Kilichokosekana ni kuendelea.

Hapo Lushoto penyewe, tauni iliingia mwaka 1980 na kuendelea kuzuka kwa zaidi ya miaka 20, ikiwaugua watu zaidi ya 7,000. Ugonjwa ambao filamu huupenda kwa kutisha ulikuwa habari ya kawaida katika vijiji vyetu. Walioponywa hawakuponywa kwa chombo cha ajabu. Waliponywa kwa kuwahi kituoni, kwa antibiotiki zilizokuwa zikijulikana tangu zamani, na kwa wahudumu waliokuwa macho kutambua mtoki uliovimba na homa ya ghafla.

Tazameni pia suala la usafiri. Rwanda ilianza mwaka 2016 kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani, na mwaka 2018 majaribio ya ndege za namna hiyo yalifanyika katika Ziwa Viktoria, kati ya Mwanza na kisiwa cha Ukerewe, mwendo wa kilomita 60 hivi. Ni jambo la kupendeza, na milima yetu yenye makorongo inalistahili. Lakini mama aliyeanza kutokwa na damu Rangwi usiku, wakati mvua inanyesha na barabara ni tope, ameokolewa zaidi na fikra nyepesi kuliko hiyo: namba ya simu 115 isiyotozwa malipo, na dereva wa kawaida mwenye gari la kawaida aliyekubali kuitwa. Huo ndio mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kwa upanuzi wa kitaifa mwaka 2022. Hauna taa za buluu zinazowaka kama za filamu. Aliyeubuni alianza kwa kumfikiria mama barabarani, ndipo akatafuta chombo.

Nani ameshika mvua?

Wasambaa wana maneno mawili ambayo kila mtaalamu wa teknolojia ya tiba angepaswa kuyajua: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Katika ufalme wa Wakilindi, uliokuwa na makao yake Vugha, mfalme alitegemewa kuleta mvua. Watu walijua pia kwamba anayeweza kuileta anaweza kuizuia. Uwezo ni mmoja. Tofauti iko kwa anayeushika, na kama kuna wa kumuuliza. Mary Shelley aliandika kitabu kizima kueleza kwamba kosa la mtaalamu wake lilikuwa kuumba kiumbe kisha kukikimbia. Wazee wa Usambara walilisema kwa maneno mawili.

Kwa hiyo swali letu kuhusu akili mnemba, kuhusu kumbukumbu za wagonjwa zinazohifadhiwa kwenye kompyuta, na kuhusu vipimo vya vinasaba, lisiwe tu «Je, inafanya kazi?» Liwe pia «Nani ameishika, na tutamuuliza wapi?» Picha ya mapafu yako ni yako. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayompa kila mtu haki kuhusu habari zake. Mgonjwa anayeuliza picha yake inapelekwa wapi hasumbui wauguzi; anatumia haki aliyopewa na sheria, na anatusaidia sisi tusigeuke mumiani wa kweli, wanaochukua bila kueleza.

Ninachopendekeza

Kwa wahudumu wenzangu: kabla ya kumpima mtu kwa chombo asichokifahamu, mwulizeni amesikia nini kuhusu chombo hicho. Swali hilo ni sehemu ya historia ya mgonjwa, sawa na kuuliza kikohozi kilianza lini. Jibuni kwa mifano ya mahali mlipo: mwangwi wa bonde, kivuli ukutani, mbegu na udongo. Msiahidi zaidi ya uwezo wa chombo. Programu inayosoma eksirei hutoa dokezo. Uamuzi na dhamana hubaki kwa binadamu mwenye jina na saini.

Kwa wagonjwa na jamaa zao: ulizeni mambo matatu. Chombo hiki kinafanya nini? Kina madhara gani? Habari zangu zitakwenda wapi? Mkiambiwa kuna mashine inayotambua kila ugonjwa kwa kushika kiganja cha mkono, nayo imewekwa juu ya meza sokoni na mwenyewe anauza dawa zilizo pembeni yake, jueni kwamba hiyo ni bunilizi iliyokosa sayansi. Kituo cha afya kitawaambia bei na mipaka ya kipimo. Tapeli atawaambia maajabu tu.

Kwa walimu na waandishi: wapeni vijana kazi ya kuandika habari za Lushoto ya mwaka 2070. Je, malaria itakuwa imepanda mpaka Shume, kwa kuwa baridi iliyokuwa ikiuzuia ugonjwa huo imepungua? Chemchemi zitakuwa wapi? Zahanati ya kijiji itakuwa na nini, na nani atakuwa na funguo zake? Kijana anayeliandika swali la namna hiyo kwa Kiswahili kizuri anajifunza sayansi, anajifunza uraia, na huenda akawa ndiye atakayekitengeneza chombo chenyewe. Majarida kama hili yatenge kurasa kwa ajili yao. Tukikaa kimya, kesho yetu itaendelea kusimuliwa na watu ambao hawajawahi kuipanda barabara ya kutoka Mombo.

Katika Kusadikika, wajumbe walioleta maarifa walifungwa kwa sababu hakuna aliyetaka kuwasikiliza. Hospitalini wajumbe hao huja kila asubuhi, wameketi kwenye mabenchi ya nje na kadi zao mkononi, kila mmoja na habari aliyoisikia njiani. Tuwasikilize kwanza, ndipo tuwashe mashine.